Maji Yaliyokaa Juu ya Chumvi

Miaka hiyo ya arobaini pwani yetu haikuwa na chuo kikuu. Mwalimu wa chuo kikuu cha ng'ambo ndiye aliyetufuata sisi, akitoa mihadhara ya wazi juu ya udongo, miti na maji. Alasiri moja alifika shule ya misheni, Kisauni. Mimi niliishia darasa la pili, lakini nilikwenda na mume wangu, kwa sababu yeye alikuwa fundi wa visima na kisima chetu cha Magogoni kilikaribia kukauka.

Mwalimu alijaza bilauri nusu kwa maji ya bahari, akayatia wino kidogo. Juu yake akamimina maji ya mvua polepole, kwa kijiko. Hayakuchanganyika.

"Ndivyo ilivyo chini ya miguu yenu," alisema. "Maji matamu yamekaa juu ya chumvi. Mkichimba zaidi, mtaiita."

"Afadhali, hatutanunua tena chumvi!" mtu akapaza sauti nyuma, na darasa zima likacheka.

Mume wangu hakucheka. Alisimama. "Bwana mwalimu, na hayo ya juu yakiisha?"

"Ngojeni mvua."

"Una watoto, bwana?"

Mwalimu alitazama bilauri yake. "Ninao," akasema. "Ngojeni mvua."

Njiani nilisema, "Baba watoto, mimi nimeogopa."

"Umeogopa bilauri?" akanitania. Asubuhi akashuka kisimani na mtaimbo.

Maji yalikuja mengi. Majirani walichota wakimsifu. Kisha chai ikawa na ladha ngeni, tukasingizia sufuria. Kitinda mimba wetu akakataa kunywa. Mwishowe jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akaja uani: kisima chake nacho kimeingia chumvi.

"Fundi, umetuletea bahari majumbani," alisema.

Mume wangu akaamua kushuka kuziba pale alipochimba. Nilimwambia kuta zimelegea. Mchanga ulikuwa ukidondoka wenyewe, nami niliusikia nikiwa jikoni.

"Nimeiita mimi," alisema. "Nitairudisha mimi."

Mchanga ulimfunika kabla ya adhuhuri. Wanaume walihangaika hadi jioni ndipo wakamtoa.

Hatukuwa na maji ya kumwoshea. Yule mama alikwenda kuyatafuta Utange, akarudi na mtungi kichwani. Aliutua mlangoni, akasema, "Haya matamu, mwanangu," akaondoka bila kuingia.