Tulivyogongwa na boti bwawa la Mtera, nahodha akiwa kwenye simu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, na sijaweka chumvi.

Mimi ni mtoto wa Chang'ombe, Dodoma. Maji mengi niliyozoea ni ya kwenye pipa.

Mke wangu, Zaituni, kwao ni Busi, Kondoa. Kaka yake ananunua samaki kwenye kambi ya wavuvi ng'ambo ya bwawa la Mtera. Alipata mtoto, tukaenda kumpa hongera.

Aliyetuvusha ni jamaa anaitwa Ndahani, kwa mtumbwi wa kasia. Kabla hatujapanda akatupa life jacket. Zilikuwa mbili tu.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nimezaliwa hapa, kaka. Vaeni, mfunge mikanda yote."

(Wakuu, hilo msiige. Jacket zikipungua, na abiria wapungue.)

Siku hiyo kulikuwa na mnada wa samaki, bwawa limechangamka. Mitumbwi inapishana na boti za injini zinazowahi mzigo.

Tukiwa katikati nikaona boti moja inatujia mzima mzima. Jamaa kakaa nyuma, mkono mmoja kwenye injini, mwingine simu sikioni, kichwa kakiinamisha.

Ndahani akapiga filimbi. Zaituni akavua mtandio wake mwekundu, akaupunga. Wapi! Ile injini inavyonguruma, atasikia nini?

Ndahani akavuta kasia kwa nguvu kutukwepesha. Ubavu ukapona, lakini boti ikatupiga mkiani. Mtumbwi ukapinduka.

Nilipoibuka nilikuwa nimemeza maji, natapatapa, namwita Zaituni. Jacket ilikuwa imenishika vizuri tu, ila kichwani mwangu nilishakufa.

"Shika mtumbwi! Usiuachie!" Ndahani alikuwa anapiga kelele.

Nikaushika. Zaituni naye nikamwona upande wa pili, kang'ang'ania, anaomba dua kwa sauti.

Yule jamaa akageuza boti kutufuata.

"Zima injini! Zima kwanza!" Ndahani akamkemea. Propela ingetukata miguu. Akazima, akaturushia kamba, akatupandisha mmoja mmoja.

Kufika kambini, watu wameshaona kila kitu. Wakamzunguka, wengine wameshakunja ngumi. Zaituni, nguo zinachuruzika maji, akaingia katikati.

"Ngojeni kwanza. Kaka, ulikuwa unaongea na nani?"

Jamaa, jina lake Festo, akasema, "Dada yangu. Mama amezidiwa, yuko hospitali Dodoma. Ananiambia niwahi, la sivyo..."

Mikono ikaanza kushuka.

Ndahani, ambaye mtumbwi wake ulikuwa umepasuka, akamwambia, "Umekosa, na ungetuua. Ila nenda kamwone mama. Mengine tutaongea ukirudi."

Shemeji akampa Festo nguo kavu, maana naye alilowa akitupandisha. Jioni tukavushwa tena, tukarudi na Festo Dodoma kwenye gari yetu tuliyoiacha upande wa pili wa bwawa.

Wodini mama yake alikuwa macho. Akamwangalia mwanawe toka juu mpaka chini, akauliza taratibu, "Mwanangu, hizo nguo umeazima kwa nani?"

Festo akapiga magoti pembeni ya kitanda, akalia. Mimi na Zaituni tukatoka nje.

Mama alipona, Mungu ni mwema. Na mtumbwi wa Ndahani, Festo alikwenda akautengeneza kwa mikono yake.

Nilichojifunza ni hiki. Anayekugonga anaweza kuwa mtu mwema kabisa mwenye siku mbaya, lakini boti haijui hilo. Simu nzito ikiingia, tafuta mahali pasipo na msongamano, zima injini, ndipo upokee. Na wewe uliye kwenye mtumbwi, usijiaminishe kwamba umeonekana mpaka dereva akugeuzie uso.

Wakuu wa Mtera, Hombolo na Singida, ninyi boti ikiwajia hivyo mnafanyaje? Na mngekuwa nafasi ya Ndahani, mngemwacha Festo aondoke?