Miwani ya Usiku Kwenye Korongo la Mlali

Kwetu Ugogo mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Ukikutana naye njiani unapisha, unainamisha macho, mnasalimiana kila mtu akiangalia upande wake. Nilikuwa na miaka kadhaa ya ndoa, na mama mkwe nilimjua kwa sauti, kwa mgongo, na kwa mwendo wake wa kuvuta mguu wa kushoto. Sura yake sikuwa nayo kichwani. Nilikuja kuiona kwa miwani ya jeshi, na mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na hata kambini kwetu walianza kuja mawakala wenye tai na mabegi ya ngozi. Wawili walileta miwani ya kuonea gizani. Ya kwanza ilikuwa ya jicho moja: kijibomba kinachokaa mbele ya jicho la kulia, la kushoto linabaki huru. Ya pili ilikuwa na bomba kwa kila jicho. Kapteni wetu hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alisema zitavaliwa na askari wa miguu, basi askari wa miguu wazijaribu, tena porini. Akanichagua mimi na sajenti mwenzangu, Mhehe wa Iringa.

Wahehe na sisi Wagogo ni watani, na mtani ana kibali cha kukusema hata msibani. Huyu alinitania asubuhi hadi jioni kwamba mimi ni ombaomba, nami nikamwuliza leo amekula mbwa wa nani, maana Wahehe husemwa kwamba hula mbwa. Nilimpenda sana. Kwa kuwa eneo la majaribio lilikuwa karibu na Mlali, ukweni kwangu, nilimwalika tukale huko Jumapili. Mke wangu alitangulia kutoka nyumbani kwetu Ipagala kumsaidia mama yake kupika. Nilituma salamu kwamba tunakuja wawili, na kwamba mgeni wangu ni mtu mkubwa. Hilo la mwisho lilikuwa majivuno tu.

Kilikuwa kiangazi kikali. Wakati kama huo watu wa pale huchimba visima kwenye mchanga wa korongo, kila kaya na chake, na kukizungushia miiba. Maji hujikusanya polepole usiku, mwenyewe akaja kuteka alfajiri. Kuteka kisima cha mwenzako bila kuomba ni wizi, na watu huusimulia mpaka kwa wajukuu.

Jumamosi giza lilipoingia tulilala kifudifudi kwenye ukingo wa korongo. Askari mmoja alitakiwa kupita ng'ambo na mzigo, sisi tuseme amebeba nini. Nilianza na ya jicho moja. Ilikuwa nyepesi, na ukiivua, jicho la pili bado limelizoea giza. Ubaya wake haipimi umbali. Nilipokuja nimeivaa nilitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, Mhehe akacheka mpaka akakohoa. Sasa niliona umbo la kijani limeinama mchangani.

"Unaona nini?" kapteni akauliza.

"Mtu, afande."

"Anafanya nini?"

"Sijui, afande."

Akanipa ya macho mawili. Ilikuwa nzito, ikinivuta shingo, lakini mchanga ulipata kina na kila mwiba ukaonekana peke yake. Yule hakuwa askari wetu. Alikuwa mwanamke, amesogeza miiba ya kisima, anachota kwa kibuyu na kumimina kwenye ndoo taratibu ili maji yasisikike. Mara akainua uso akatazama upande wangu bila kuniona. Uso mwembamba, wenye woga. Sikuutambua. Kisha akairudisha miiba, akajitwisha ndoo, akaondoka akivuta mguu wa kushoto.

Kisima cha ukweni nilikijua, nilisaidia kukichimba. Kilikuwa juu zaidi, na mke wangu alikuwa ameniambia kimekauka.

"Sajenti, unaona nini?"

"Kioo kina ukungu, afande." Kiangazi cha Dodoma, eti ukungu.

Mhehe akaichukua. "Ukungu gani? Bibi mmoja anachechemea, kaiba maji ya watu huyo, anageukageuka nyuma. Wagogo nyie, hata maji mnaibiana." Kapteni akacheka.

Kwa nini hakuomba, nilijua. Kuomba maji ya kumpokelea mkwe ni kukitangazia kijiji kizima kwamba huna. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuwa mgeni aliyemtuma mwenyeji wake akaibe.

Kapteni alipotaka maoni nikaitetea ya jicho moja: uzito, shingo, jicho la akiba. Yote yalikuwa kweli. Sikusema kwamba niliipenda kwa kuwa haikunionyesha uso wa mtu.

Jumapili nilitafuta sababu ya kuahirisha, sikuipata. Baba mkwe akatukaribisha, tukaketi. Mimi nilinawishwa na mke wangu, maana mama yake hawezi kunisogelea. Mgeni alistahili kunawishwa na mama mkwe mwenyewe. Nilikuwa nimeinamisha macho kama mila inavyotaka, lakini mguu wake niliusikia ukikwaruza ardhi kutoka jikoni, na nikamsikia Mhehe akiacha maneno katikati.

"Shikamoo, mama," akasema baadaye.

"Marahaba, baba. Karibu sana."

Mhehe alikinga ncha za vidole tu. Mama mkwe akazidi kumimina, beseni likawa linajaa. "Nawa, baba, usiogope. Maji yapo."

Akanawa mikono yote miwili, vizuri, kama alivyoambiwa.

Tulirudi kambini kwa miguu, nami nikisubiri. Nilikuwa nimejiandaa. Mtani angelisema lile la wizi wa maji, ningemrudishia mbwa wake, tungecheka, na aibu ingepungua. Njia nzima alisifia kuku. Kesho yake aliniita kwa cheo changu. Tulikaa kikosi kimoja mpaka alipohamishwa, na hakunitania tena hata siku moja.