Wauguzi Walipojifunza Lugha ya Mama

Mama yangu alipoteza kusikia akiwa mtoto mdogo, baada ya homa kali iliyompata kwao magharibi mwa nchi. Alipofika Nairobi alikuwa tayari fundi wa kushona nguo. Mimi nilizaliwa hapo jijini, mtaa wa Kabiria, na lugha yangu ya kwanza ilikuwa ya mikono. Kabla sijaanza shule nilikuwa nikimsemea dukani, kwa mwenye nyumba, na zaidi kliniki. Mambo ya uzazi wake niliyajua nikiwa na umri ambao watoto wenzangu bado wanaambiwa kwamba mtoto hununuliwa hospitali.

Nilipokua nikapata kazi mjini, katika duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi. Basi siku moja Mama akaenda peke yake kliniki ya jiji kuchukua dawa za presha. Muuguzi alitoka mlangoni akaita jina lake, akaita tena, kisha akaita la mwingine. Nilimkuta jioni ameketi kitandani, miguu imevimba, dawa hana.

"Waliniona," aliniambia kwa mikono. "Walidhani nimemsindikiza mtu."

Wakati huo serikali mpya ilikuwa imeingia, na kila ofisi ilikuwa ikituita mikutanoni tuseme tunataka nini. Ikatangazwa kwamba maafisa wa afya wa jiji watakuja kwenye ukumbi wa kanisa Kawangware, kupanga huduma za mwaka unaofuata. Mama alikuwa na kikundi cha viziwi wenzake waliokutana kila Jumapili. Walikuja wote: wauza mboga, mlinzi wa usiku, hata seremala mzee wa Kisikh aliyetoka upande wa Muthangari na kilemba chake cha buluu. Huyo nyumbani kwake hakuna aliyejua ishara. Kwetu alikuwa haachi kuzungumza.

Afisa wa mipango alikuwa mtu mpole, na alisikiliza kwa adabu. Wengi waliomba dawa, vyoo, na taa njiani. Mama akasimama. Nami nikasimama kando yake nikasema anachosema.

"Mimi huja kliniki yenu na sionekani," mikono yake ilisema. "Mnaita majina. Mimi jina langu silisikii."

Afisa akatabasamu, akafungua makaratasi yake. "Mama, walemavu tumewafikiria. Tayari tumepanga kuweka njia ya mteremko pale mlangoni, ya viti vya magurudumu."

Nilimfasiria Mama. Aliinua gauni kidogo akakanyaga sakafu kwa nguvu, mguu mmoja kisha wa pili. "Mwambie miguu yangu ni mizima."

Watu walicheka, hata afisa. Lakini alipomaliza kucheka alieleza bila kuficha. Ofisi yao hupanga kwa vifungu vya bajeti. Kuna kifungu cha majengo, cha dawa, cha vifaa. Ulemavu umewekwa chini ya majengo, kwa hivyo kila mwaka ukifika unageuka saruji. "Muuguzi anayejua ishara, hiyo kitu sina mahali pa kuiandika," alisema. "Njooni kwa kamati, mjini. Mimi peke yangu siwezi."

Mwenye duka aliniruhusu kwenda, kwa sharti kwamba Jumamosi nifungue mimi. Tukapanda, mimi, Mama na kikundi chake, ngazi za jengo lile kubwa la jiji, tukapita korido ndefu zenye milango ya mbao iliyong'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Nilikuwa nimepita nje ya jengo hilo miaka yote bila kujua kwamba humo ndani ndimo inamoamuliwa kama mama yangu atapata dawa. Askari wa mlangoni alituambia tusipige kelele. Nilimfasiria Mama, naye akawafasiria wenzake, nao wakatingisha vichwa kwa heshima zote.

Kamati iliongozwa na diwani mmoja, mama wa makamo mwenye miwani mizito. Afisa wetu alisimama akasoma ombi. Maneno ya Mama aliyasoma karibu kama alivyoyasema: mnaita majina, jina langu silisikii. Maneno yaliyotoka mikononi mwa mshonaji wa Kabiria yalikuwa yakisikika katika chumba kile, kwa sauti ya mwanamume aliyevaa tai.

"Hakuna kifungu," mjumbe mmoja alisema.

Diwani alivua miwani. "Wauguzi si huwa mnawapeleka mafunzo?"

"Ndio, mheshimiwa. Lakini ni mafunzo ya chanjo, ya malaria..."

"Sasa hii si mafunzo? Andika hapo."

Ikapita. Pale juu kwenye roshani ya wageni tulipoketi, mikono yote ikainuka, vidole vikitikisika, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Askari aligeuka kututazama, akakosa la kutukataza. Diwani naye alituangalia, kisha akainua mikono yake miwili akaitikisa kama sisi.

Mwalimu aliyetafutwa akawa Mama. Kila wiki, alasiri moja, wauguzi wa kliniki yetu waliketi kwenye yale mabenchi ya wagonjwa, naye akisimama mbele yao na tepu ya kupimia nguo bado shingoni. Aliwafundisha maumivu, damu, mimba, tangu lini. Aliyekosea alimshika vidole akavinyoosha mwenyewe.

Sitasema kila kitu kilinyooka. Kliniki nyingine hazikupata mafunzo hayo. Katika wauguzi waliojifunza, yule mwepesi kuliko wote alihamishwa na ofisi ileile, akapelekwa upande mwingine wa jiji. Na ile njia ya mteremko ilijengwa vilevile, na ni nzuri, wenye watoto wa kubeba wanaipenda.

Lakini nakumbuka asubuhi moja niliyoomba ruhusa nikamsindikiza Mama. Muuguzi mmoja wa kike, kijana, alitoka mlangoni, hakuita. Alitembea mpaka mbele yetu, akamsalimia Mama kwa mikono, akamwonyesha aingie. Nikainuka, kama kawaida yangu. Mama akanigusa bega, akanirudisha chini.

Nilikaa pale benchi, sina la kufanya. Mlango ulikuwa umefungwa nusu, na katika mwanya wake niliona mikono ikienda na kurudi, ya Mama haraka, ya muuguzi taratibu. Mara Mama akacheka, kile kicheko chake kikubwa asichokisikia mwenyewe.

Alipotoka nilimuuliza, "Amesema nini?"

Alipanga dawa zake ndani ya mkoba kwanza, akafunga zipu.

"Hayo ni mambo yangu na sista," akasema, akatangulia kutoka.