Ndege wa Foronya

Fundi wa kudarizi, jirani yetu pale Isevya, Tabora, hakuanza kamwe na cherehani. Kwanza alinakili mchoro wa mteja kwa penseli, akipunguza mistari iliyobanana, maana uzi ukirundikana hukunja kitambaa. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, Mama Apolinaria, mteja wa kutoka shamba, alimletea ndege aliyechorwa na marehemu bintiye, amdarizie foronya ya kuhama nayo, kwani kaburi lingebaki nyuma. Mistari ilikwenda upande. Nilidhani fundi angeinyoosha.

“Mtoto alitumia mkono gani?” aliuliza.

“Kushoto, fundi.”

Akahamishia penseli mkono wa kushoto, akajaribu kwenye vipande vya karatasi mpaka jasho likamtoka, ndipo akanakili. Mama Apolinaria aliitazama nakala ile, akapitisha kidole juu ya bawa.

“Huyu kamchora mwanangu mwenyewe,” alisema.