Zero juu ya antene ya mududu

Ningali na kasirani juu ya mwalimu wa binti yangu.

Alimupatia mutoto zero juu ya kuchora mududu wa mahindi, ule mwenye pua ndefu. Binti alichora antene mbili, zile nyuzi za kupapasia, zinatoka kwa pua. Mwalimu akaandika na biki nyekundu: «Antene inakuwa kwa kichwa!»

Mimi nauzisha mahindi hapa Katoyi. Hao badudu nawajua kuliko majirani yangu.

Nikaenda kwa masomo, kule anafundisha, na kopo imejaa badudu wazima.

Mwalimu akasema: «Mama, wee uzisha mahindi yako. Siyansi utuachie.»

Ati nini?

Nikapiga mududu mumoja foto na telefone, nikaikuza, nikamuonyesha. Meno ya kutobolea mahindi iko kwa ncha ya pua. Antene mbili zinatoka kwa pua yenyewe, karibu na macho.

Akaangalia weee. Kisha: «Lakini kitabu kinasema kwa kichwa.»

«Na pua yake iko wapi, mwalimu? Kwa mugongo?»

Walimu wenzake wenye walikuwa pale wakacheka. Ye akasema, sawa, atamupatia mutoto nusu ya pointi.

Nusu!

Wazazi, mungefanya nini? Mimi nilimwaga kopo yote juu ya meza yake.

«Nusu ingine utafute humo.»