Mvua ya Wastani

Mwanamke huyu walimwita Bi Milimita, na jina hilo alilipata kazini. Kila asubuhi, ikitimia saa tatu kamili, alifungua geti la kituo cha hali ya hewa, akainamia kopo la kupimia mvua, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akaandika. Miaka kumi na tisa. Hata siku kavu aliandika sifuri, maana sifuri nayo ni kazi.

Sasa watu ni watu. Anayepima mvua, walidhani ndiye anayeileta. Ikichelewa, walimnunia sokoni. Ikizidi, walimuuliza kama kasahau kufunga bomba. Yeye alicheka tu. Mwaka ule hakucheka, kwa sababu ya mdogo wake wa kiume.

Mdogo wake alikuwa akifyatua matofali. Mkewe alikuwa amerudi kwao, akisema atakanyaga tena pale siku atakapoona kuta, si maneno. Basi bwana yule akafyatua matofali elfu nne kwa mikono yake, akayaanika uwanjani, mabichi, yakingoja moto. Redio ikatangaza kuwa msimu huu utakuwa na mvua za wastani. Akafurahi. Wastani, alimwambia kila aliyepita, ni katikati: si nyingi, si kidogo, manyunyu ya kulaza vumbi. Hakuna haja ya kukimbizana na tanuri.

Habari hizo zilimfikia Bi Milimita akinywa chai, na chai ikamshinda. Akainuka, akakaa, akainuka. Akatoka uani kutazama mawingu, akarudi kufungua madaftari ya zamani. Tarehe ileile, mwaka mmoja milimita nne, uliofuata tisini na mbili, mwingine sifuri. Ukijumlisha na kugawanya ndipo unapata huo wastani wa redioni. Akavaa kandambili, moja yake, moja ya jirani, akashika njia.

"Mdogo wangu, wastani si mvua," alimwambia hata kabla ya salamu. "Wastani ni hesabu. Miaka kumi na tisa napima, mvua ya wastani sijaiona hata siku moja."

"Dada, redioni kuna wasomi."

"Na hao wasomi namba wanazitoa kwangu."

Akamweleza kama mkuu wa kituo alivyomweleza yeye. Dunia hulizunguka jua ikiwa imeinama ubavu, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja, na mwinamo wake haugeuki. Ndiyo maana jua la utosini miezi fulani liko kwetu, miezi fulani limekwenda kwa wenzetu, na mvua hulifuata nyuma. Zamu hiyo haikosi. Lakini bahari kubwa za mbali mwaka huu zina joto, mwaka ujao zimepoa, na pepo hugeuka nazo: mawingu yaletwe hapa, au yamwagwe njiani. Msimu utakuja, utakuja vipi, hilo ni shauri jingine.

Mdogo wake akakuna kichwa. Akakubali nusu, kama kawaida yake: nusu ya matofali akayapanga tanuri, akatia moto siku ileile, nusu akayafunika maturubai.

Siku ya kwanza jua. Ya pili jua kali. Wapita njia wakauliza kama matofali yana homa, mbona yamefunikwa blanketi. Bi Milimita aliandika sifuri zake. Alijikuta akiiombea mvua ije ili asionekane mwongo, kisha akitubu, akiomba isije. Hakukaa kiti kikapata joto. Siku ya nne mdogo wake akachoka kuchekwa, akayafunua.

Siku ya tano, mchana, ikashuka. Bi Milimita aliacha geti wazi, akakimbia. Alimkuta mdogo wake amesimama kwenye tope hadi vifundoni; yale ya uwanjani yalikuwa yamerudi udongo. Moto wa tanuri ulikuwa umezimika tangu jana, na yaliyokuwa ndani yameiva. Bi Milimita akachomoa moja, akaligonga kwa ufunguo wa geti. Likalia vizuri.

"Yaliyobaki yanatosha nini?" mdogo wake aliuliza bila kumtazama.

Akapiga hesabu kichwani. "Chumba kimoja. Mlango, na dirisha dogo."

"Basi mpigie wifi yako, dada. Mwambie ni chumba kimoja, lakini kuta ni kuta."

Bi Milimita akamkabidhi simu, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Mpigie mwenyewe. Mimi napima, sitangazi."