Mkunga Aliyebaki na Kondoo wa Bibi Khandjav

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, muulize mke wangu. Lakini Tsendmaa, mkunga wetu, nitamsifu mpaka mchoke, na nimemwendesha miaka mingi kwenye gari la hospitali huku nanung'unika njia nzima.

Warusi walikuwa wameondoka nchini kwetu, na mafuta ya gari waliyotuletea yameadimika. Hata hivyo nyumba ya kungojea uzazi ilikuwepo pale hospitalini, ina vitanda, ina jiko, daktari yuko mlango wa pili. Kilichokosekana ni wajawazito. Baridi ikianza kupungua ndipo kondoo wanapozaa, na mwanamke gani wa mfugaji ataacha kondoo wanaozaa akalale kitandani kungoja siku zake?

Siku moja tulimfuata Narmandakh, mjamzito, hemani kwake. Uzazi uliopita alitokwa damu mpaka akazimia, na Tsendmaa alimwokoa kwa taabu.

"Ukizalia hemani utanifia mikononi," alimwambia wazi. "Damu ya kukuongezea mimi sina."

Mama mkwe, bibi Khandjav, alitumiminia chai ya maziwa, kisha akatukatalia.

"Aende, abaki nani? Mwanangu yuko mbali, anachunga farasi. Magoti yangu ndiyo haya. Na kuna kondoo wanaowakataa watoto wao, huyu peke yake ndiye anayewaimbia wakakubali."

Hapo hakudanganya. Kwetu kondoo akimkataa mwanawe huimbiwa, toig, toig, toig, mpaka moyo ulainike amnyonyeshe. Wengine tunaimba sauti inakauka, kondoo anatutazama tu. Narmandakh alikuwa na kipaji, na mwenyewe akatikisa kichwa. "Dada Tsendmaa, wanakondoo wakifa tutakula nini?"

Nikajua mafuta yangu yamekwenda bure. Tsendmaa alimaliza chai yake, akaenda zizini, akaketi juu ya samadi na koti lake la kazi, akaanza kuimba. Sauti yake ni mbaya, jamani, sina namna ya kuificha. Kondoo akampiga teke. Akajisogeza, akaendelea. Chai yangu ikapoa, nikalala garini nikaamka, yeye bado anaimba. Mwishowe kondoo akatulia, na mtoto akapenyeza kichwa akanyonya.

"Bibi," akasema, koo limemkauka, "likizo yangu ninayo. Nabaki hapa mpaka kondoo wako wa mwisho azae. Mkweo anaondoka na Gombo, dereva wangu huyu."

"Mkunga mzima unichungie kondoo? Watu watanisema."

"Waache waseme. Nikimzika mkweo, hao watu watakuja kukuimbia?"

Bibi akaanza kumfungashia mkwewe nguo. Mimi ndiye niliyefoka. "Na uchungu ukimshika njiani nifanye nini?"

"Siku zake bado, Gombo. Endesha polepole na ufunge mdomo."

Narmandakh alizalia hospitalini, na damu ikaja tena, kuliko mara ile. Daktari alihangaika naye sana. Akaongezewa damu ya nesi, ya mpishi, na yangu mimi ninayeogopa hata sindano. Nilimwona alivyopauka, nikaogopa kweli. Alipofumbua macho akaomba chai, niliwasha gari nikaenda kusema.

Nilimkuta Tsendmaa amekonda, midomo imepasuka kwa upepo, mwanakondoo kamtia ndani ya koti. Hakuuliza habari za mtoto.

"Mama yake?"

"Mzima. Amezaa binti, ana sauti mbaya kama yako."

Aliketi palepale akalia, nami nikalia, sioni haya kusema. Kisha akajifuta uso.

"Twende kwa Oyunchimeg. Naye ana mimba, na kondoo wake ndiyo kwanza wanaanza kuzaa."

"Wewe lala," alisema bibi Khandjav. Alikuwa ameshavaa viatu na anajikongoja kuelekea garini. "Wangu wamekwisha. Wa Oyunchimeg nitawaimbia mimi."